Nilipopewa Kona

Walimu wenzangu waligawana kazi za mchana wa michezo wakati mimi nimekwenda jikoni kuchukua chai. Niliporudi ofisini nikakuta nimepewa kona.

"Kona ipi?" nikauliza, ingawa nilishajua. Barabara ya kutoka Same kupanda milimani iliko shule ina kona nyingi, lakini pale kijijini ukisema kona tu, bila kuongeza neno, kila mtu anaelewa ni ile iliyo chini ya shule. Upande mmoja kuna ukuta wa udongo mwekundu uliochongwa wakati barabara inakatwa, na chini ya ukuta huo mtaro wa maji. Upande wa pili hakuna kitu. Barabara inakwisha, korongo linaanza.

"Hiyohiyo, Madam," alisema mwalimu wa michezo. Alikuwa kijana wa Same mjini, mchangamfu, filimbi haimtoki shingoni hata akiwa kwenye kipindi cha Hisabati. "Wewe kazi yako ni kusimama tu na kibendera. Watoto wakikuona wanabana huku ukutani, wanapita. Hakuna kingine."

"Na magari?"

"Saa zile hakuna gari. La asubuhi litakuwa limeshashuka zamani. Usiwaze kabisa."

Mwalimu mkuu, mzee mpole aliyekaribia kustaafu, alinitazama juu ya miwani yake. Alijua hofu yangu. Pale shuleni hapakuwa na asiyeijua.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Kwetu ardhi imelala; mtu akianguka, anaanguka palepale aliposimama. Nilikuja Upare kufundisha Kiingereza kwa mwaka mmoja katika shule ya msingi ya kanisa, si mbali na Mhezi, kwa mapatano ya shule yetu na ile. Siku ya kwanza, gari lilipoanza kupanda, nilikaa dirishani upande wa bondeni kwa kutojua. Nilitazama chini nikatafuta barabara, sikuiona. Niliona vilele vya miti. Nikajifunika uso kwa kanga, na mama mmoja nisiyemjua, aliyekuwa amepakata mtungi wa plastiki, akanishika mkono mpaka tukafika, huku abiria wengine wakicheka taratibu, bila ubaya.

Tangu siku hiyo niliishi kwa kukwepa kingo. Kutoka nyumbani kwangu kwenda darasani zilikuwepo njia mbili, nikachagua ile ndefu inayopita katikati ya migomba. Uwanja wa mpira ulikuwa umechimbwa ubavuni mwa mlima, na upande wake wa chini ulizuiwa na mstari wa mikaratusi tu. Mpira ukipita kati ya miti hiyo, watoto walishuka kuufuata wakishikilia mizizi, kisha wakachomoza tena, wanacheka, magoti yamejaa udongo. Mimi nilikuwa nikigeuka kutazama ukuta wa darasa mpaka niwasikie wamerudi. Niliwaeleza wenzangu kwamba siwezi kutazama. Waliona ni kichekesho, nami sikuwalaumu. Watoto wale walizaliwa kwenye mteremko, wakajifunza kutembea kwenye mteremko.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo ya Juni. Baridi ilishaanza na watoto walivaa sweta zao za bluu, lakini jua lilitoka tangu asubuhi, na tulipomaliza kula makande uwanja ulikuwa umejaa wazazi. Sitasahau jinsi mchana ule ulivyoanza vizuri. Watoto wa darasa la kwanza walikimbia na magunia, wakaangukiana katikati ya njia, wakabaki pale wanagaagaa kwa kicheko mpaka mwalimu wao akaenda kuwafungua mmojammoja. Walimu tulivuta kamba na akina mama wa kijijini, na akina mama wakatuburuta kama mizigo. Kuku aliyeandaliwa kwa ajili ya kukimbizwa alimpita kila mtu, akaingia ofisini, akapanda juu ya meza ya mwalimu mkuu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Hata hivyo, kila mara niliona jicho langu limekwenda lenyewe kwenye mikaratusi, kuangalia ni mtoto gani aliye karibu nayo.

Mbio ndefu ziliwekwa mwisho. Madarasa ya juu, la tano hadi la saba, wangetoka getini, washuke na barabara mpaka zahanati, waguse ukuta wake, wapande kurudi. Kona ilikuwa katikati ya njia hiyo.

Nilipokuwa nafunga kamba za raba zangu, msichana mmoja wa darasa la tano akanijia. Alikuwa mkimya darasani, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Alinisalimia kwa adabu, mikono nyuma.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe unakimbia?"

"Ndiyo. Lakini mimi huwa wa mwisho." Alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayetaja anapokaa. "Ukiniona mimi, ujue wamekwisha. Unaweza kuondoka."

Nilimshukuru. Ilinipa moyo kidogo kujua kwamba kazi yangu ina mwisho na kwamba mwisho huo una sura ninayoifahamu.

Nikashuka peke yangu na kibendera changu, kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye kijiti. Nilitembea nikiusugua ukuta wa udongo kwa bega. Kufika konani nikachagua mahali pangu: mgongo ukutani, visigino pembeni mwa mtaro. Mbele yangu ilikuwapo barabara, upana wa gari moja na kidogo, kisha hewa. Ng'ambo ya korongo niliona mashamba ya tangawizi na bati za nyumba, na chini kabisa, mbali, tambarare iliyokauka ikiwaka jua. Nikaamua kutazama kibendera.

Filimbi ikalia juu. Muda si mrefu wakaja, kundi zima, wanateremka kwa kishindo, wavulana wakubwa mbele.

"Huku ndani!" nikapaza sauti. "Baneni huku ndani!"

Walibana. Walipita karibu nami kiasi cha kunigusa, na wengi walinipiga kofi la kiganjani kama mchezaji aliyefunga goli. Yule msichana mkimya alipita mwisho kabisa, amejitenga na wenzake, anakimbia kwa mwendo wake. Aliinua mkono. Kisha wakapotea chini ya kona, vicheko vyao vikabaki kidogo hewani, navyo vikaisha.

Nilijisifu moyoni. Nusu ya kazi ilikuwa imekwisha.

Ukungu ulipanda kutoka korongoni. Nilikuwa nimeshauona mara nyingi ukiwa juu ya mlima, lakini sikuwahi kusimama ukanijia kutoka chini. Kwanza bati za ng'ambo zikafifia. Halafu ukingo wa barabara ukatoweka, na kwa dakika chache nikaona afadhali, kwa kuwa sikuliona korongo tena. Kisha nikajiuliza: kama silioni mimi niliyesimama, watoto wanaokimbia wataliona vipi? Nikatazama kibendera changu. Nilikiona kwa sababu nilikuwa nimekishika.

Nilijiambia wanaijua barabara hii kuliko wanavyoijua meza ya kulia chakula. Nilijiambia wataisikia sauti yangu. Nikaanza kuita, "Huku ndani! Huku ndani!" ingawa hapakuwa na mtu. Sauti yangu haikwenda popote. Ilikuwa kama ninazungumza ndani ya blanketi.

Ndipo nikasikia kitu juu yangu.

Haikuwa injini. Laiti ingekuwa injini ningeelewa mapema zaidi. Ilikuwa sauti ya kokoto zinazosagwa, na mlio wa chuma kinachojipinda, polepole, unakaribia. Nilisimama nikisikiliza kama mjinga. Nikakumbuka nilivyowahi kuambiwa na abiria mmoja, kwamba madereva wengine wakifika kwenye mteremko huweka gia huru na kuliacha gari lijiteremkie lenyewe, kuokoa mafuta. Na wakati huohuo, kutoka chini, nikasikia watoto. Walikuwa wanapanda. Wengine walikuwa wanaimba.

Miguu ilitaka kushuka iwafuate watoto, niwakusanye kama mama kuku. Lakini walikuwa wametawanyika barabara nzima, ningemshika yupi nimwache yupi? Gari lilikuwa moja. Nikakimbia kupanda, kuelekea kwenye ile sauti, mkono wa kulia ukipapasa ukuta, wa kushoto ukipunga kitambaa ambacho hakuna aliyekiona.

"Simama!" nikapiga kelele. "Simama! Wana hawa! Watoto!" Na nikageuza kichwa nikapiga kelele kwa watoto pia, kwa lugha ya kwetu, kwa sababu katika hofu ile sikuwa na nyingine: "Gari yaja! Gari yaja!"

Taa zikatokea, mbili, za manjano, kubwa kuliko nilivyotarajia na karibu kuliko nilivyotarajia. Nilitoka ukutani nikasimama kati ya barabara. Sisemi hivi kwa kujisifu. Sikuamua. Niliona tu kwamba niko pale, mikono juu.

Honi ikalia. Breki zikalia. Taa zikayumba kunitoka, kuelekea ukutani, pikapu ikajikwaruza kwenye udongo kwa mlio mrefu, gurudumu la mbele likazama mtaroni, na viroba viwili vya tangawizi vikaruka kutoka nyuma vikaanguka karibu na miguu yangu. Kisha kimya. Kimya chenye harufu ya mpira ulioungua.

Dereva akafungua mlango kwa teke. Alikuwa mtu mzima, mnene, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Mama, unataka kufa?" alifoka. "Unataka kunifunga jela? Una wazimu?"

Nilimwonyesha chini ya kona kwa kijiti cha kibendera.

"Watoto," nikasema.

"Watoto gani?"

Wa kwanza alitoka kwenye ukungu wakati huohuo. Ni mvulana wa darasa la saba, anahema, ametazama chini. Alikimbia akibana ukutani kama nilivyowafundisha. Akainua kichwa akakuta ukuta umezibwa na pikapu. Bila hata kupunguza mwendo akaizunguka, upande wa bondeni, akapotea juu.

Nadhani dereva na mimi tuliona jambo lilelile kwa wakati mmoja. Gari lake lilikuwa limekaa juu ya njia yote salama. Kati ya ubavu wake na korongo kulibaki kipande cha barabara ambacho sikuthubutu kukikadiria, na kwenye ukungu ule hakuna mtoto ambaye angejua kinaishia wapi. Nao walikuwa wanakuja, wengi, wanashindana.

Hasira ilimtoka usoni kama mtu aliyenawa. "Yesu wangu," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akageuka akaita nyuma ya gari, "Shukeni! Shukeni wote, upesi! Simameni pembeni kule, mshikane mikono!"

Walishuka utingo wake na mama mmoja mfanyabiashara wa tangawizi, amejitanda vitenge viwili kwa baridi. Mama yule hakuuliza. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye ukingo, akaujaribu kwa kidole cha mguu, akageuka akalipa korongo mgongo, akatanua mikono. Utingo akashika mkono wake mmoja. Dereva akashika wa utingo. Mkono wa pili wa mama ulibaki wazi, umenyooshwa kwangu.

"Njoo, mwalimu," akasema. "Njoo unishike."

Kilichonifikisha pale mpaka leo sikijui. Nakumbuka hatua zangu zilikuwa za kusugua chini, kama mtu anayevuka sakafu yenye mafuta. Nakumbuka kiganja cha yule mama, kikavu, kigumu, chenye harufu ya tangawizi mbichi. Niligeuka. Nyuma ya visigino vyangu hapakuwa na kitu. Upepo wa baridi ulikuwa unapanda kutoka huko chini, unaingia ndani ya sketi yangu, unanipapasa nyuma ya magoti. Nilihisi kwamba nikivuta pumzi kubwa nitaanguka.

"Usitazame nyuma," mama akaniambia. "Watazame wao."

Wakaja. Walitokea wawiliwawili, watatuwatatu, na walipotuona tumejipanga kwa mikono iliyoshikana wakadhani ni sehemu ya michezo. Wakashangilia! Walipita kati yetu na gari wakipiga makelele, wengine wakitugonga vifua, msichana mmoja akaninyang'anya kibendera akaenda nacho. Mvulana mmoja, akikwepa kumgonga mwenzake, alinijia kwa bega tumboni. Kisigino changu cha kulia kikashuka. Udongo uliokuwa chini yake ukaondoka, na nikausikia ukiondoka, kisha sikusikia ukifika popote. Mkono wa yule mama ukanibana mpaka mifupa ikalia. Nikarudisha mguu. Mvulana alishakwenda, na hakujua.

Walipoacha kuja, dereva alisema, "Wamekwisha?"

"Bado," nikasema. "Kuna mmoja."

Tukangoja. Ule ndio ulikuwa wakati mbaya kupita yote, kuliko taa, kuliko kisigino. Tulisikiliza. Matone yalidondoka kutoka kwenye majani yaliyo juu ya ukuta. Dereva akaita kwa Chasu, lugha ya Wapare, sauti nene ikiteremka barabarani, na hakuna aliyejibu. Akaita tena. Nilianza kuona mambo kichwani: raba moja barabarani, sweta ya bluu kwenye tawi. Nilimwona mama yake, ambaye nilivuta naye kamba muda mfupi uliopita.

Utingo akasema, "Labda kapita, hatukumwona."

"Hajapita," nikasema. "Yeye ni wa mwisho."

Kisha nyayo. Tap, tap, tap, bila haraka. Akatokea kwenye ukungu, mkono mmoja unaburuza kwenye ukuta wa udongo, kama nilivyofanya mimi wakati wa kushuka. Alipoliona gari akasimama kabisa. Akalitazama, akatutazama sisi, akatazama mahali tuliposimama. Yeye peke yake ndiye aliyeelewa. Niliuona uso wake ukielewa, na sura ile inanirudia mara nyingi kuliko nyingine zote za siku ile.

"Madam," akasema, "toka hapo."

Nilitoka. Nilikaa chini barabarani, matopeni, nikalia kwa sauti mbele ya mwanafunzi wangu. Akachutama karibu nami, asijue afanye nini na mikono yake, mwishowe akaiweka juu ya kichwa changu. Nilimuuliza kwa nini hakuitika alipoitwa.

"Niliogopa," akasema. "Nilisikia mtu anapiga kelele huku juu, na kitu kinagonga. Nikakaa mpaka paliponyamaza."

Baba na kaka za watoto wakashuka kuvuta pikapu kutoka mtaroni, baada ya waliomfuata mshindi kufika uwanjani na habari kwamba Madam anacheza mchezo mpya na dereva. Mwalimu wa michezo alikuja nao akicheka. Aliponiona nilivyo, na alipotazama alama za matairi, kisha akasogea ukingoni akaona pale udongo ulipomeguka, filimbi ilimtoka mdomoni. Baadaye nilimkuta nyuma ya stoo, ameinama, amejishika magoti.

Zawadi ziligawiwa kama kawaida. Mshindi alipewa kuku yule, aliyekamatwa hatimaye chini ya kabati la ofisi. Ukungu uliingia mpaka uwanjani na wazazi wakapiga makofi bila kuona vizuri wanampigia nani. Mwalimu mkuu alitoa neno fupi, akamshukuru Mungu mara nyingi kuliko ilivyo desturi yake, na wachache tulijua kwa nini. Dereva alibaki mpaka mwisho. Aliletewa chai, akaishika kwa mikono miwili bila kuinywa, akaniambia ana wajukuu wawili pale shuleni, na wote walikuwa wamekimbia. Hakuwa amewatambua walipompita.

"Mwalimu, nimekutukana," akasema.

"Sikusikia," nikamwambia. Ilikuwa karibu kweli.

Tulipofungua tena mwezi wa saba, mbio ndefu zilikuwa zimehamishiwa uwanjani, kuzunguka na kuzunguka, na wakubwa wa darasa la saba walinung'unika kwamba zimekuwa za watoto wadogo. Wiki hiyohiyo, wakati wa mapumziko, nilikuwa dirishani nasahihisha madaftari nikasikia kelele. Watoto wa darasa la pili walikuwa wamejipanga mstari, wameshikana mikono, na wengine wanapita mbele yao wakikimbia na kuwagonga. Kati yao alikuwepo mmoja aliyejifunga sweta kichwani kama mtandio wangu, anarukaruka mikono juu.

"Gari yaja! Gari yaja!" alikuwa akiita, kwa lafudhi ya Mombasa kabisa, nao wenzake wanaanguka kwa kicheko.

Walimu waliokuwa ofisini walicheka pia, na wakanigeukia kuona kama nitacheka. Nilijaribu. Lakini mstari ule ulikuwa umeipa mgongo mikaratusi, tena karibu mno, na nilishaweka kalamu chini, nimeshafika mlangoni, natembea haraka kwenda kuwahamisha.